Sura ya Sita: Ulimi wa Kujibu

Mtoto wa Lubumbashi hurithi lugha kama mrithi wa wazee wengi arithivyo mali. Kibemba, Kiluba, Kisanga au Kilunda hukipokea kwa bibi yake. Kiswahili hukiokota uani na njiani, katika mitaa ya Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, akakitumia kununulia, kuchezea, kugombania na kupatania. Kifaransa hukikuta shuleni, nacho humfuata mpaka kwenye cheti chake cha mwisho. Na Kiingereza, ambacho ni cha nne kuja na cha kwanza kusahauliwa, hukipata kwa saa chache za juma katika madarasa ya sekondari, kikiandikwa ubaoni kwa chaki, kikanakiliwa daftarini kwa wino, kikabaki humo humo kama mbegu iliyofungiwa ghalani miaka nenda miaka rudi bila ya kuonja udongo. Hata majina ya baadhi ya shule zetu mashuhuri, kama vile Imara, Tuendelee na Wema, ni ya Kiswahili safi, ilhali masomo yanayotolewa ndani yake ni ya Kifaransa, na Kiingereza ni mgeni anayekaribishwa barazani lakini hajapata kuingia jikoni. Aliyelelewa katika mji wa namna hii hawezi kuitwa maskini wa lugha. Umaskini wake, ikiwa anao, ni wa fursa ya kuzitumia. Na sura hii imekusudia kueleza fursa moja, nyepesi kwa gharama na adhimu kwa manufaa, nayo ni mdahalo wa shuleni kwa lugha ya Kiingereza.

Nimesomesha lugha hiyo katika mji huu muda mrefu, na maradhi ya darasa langu nayajua kama mganga ajuavyo homa ya kijijini kwake. Maradhi yenyewe ni ukimya. Mwanafunzi wa madarasa ya mwisho aweza kukutajia nyakati zote za kitenzi, akageuza sentensi ya kutenda kuwa ya kutendwa, akajaza kila pengo lililoachwa wazi katika zoezi, kisha ukamwuliza kwa Kiingereza hicho hicho jana alikula nini, akainamisha kichwa kama mtu aliyedaiwa mbele ya wakweze. Sababu haiko mbali. Mtihani wa Taifa, ule Examen d'État ulio lango la kutokea sekondari na la kuingilia chuo kikuu, humpa mtahiniwa wa Kiingereza maswali pamoja na majawabu yaliyokwisha kuandaliwa, na kazi yake ni kuchagua moja na kulitia alama. Mtihani huo una udhuru wake, maana nchi ni pana na watahiniwa ni wengi mno kusikilizwa mmoja mmoja. Lakini mwalimu anayesomesha kwa ajili yake na mwanafunzi anayesoma kwa ajili yake, wote wawili huishia kuitakidi kwamba kujua lugha ni kulitambua jawabu la mtu mwingine. Kutunga jawabu lako wewe, na kulitoa mbele ya mtu aliyekukabili uso kwa uso akitaka kulivunja, ni elimu ya namna nyingine, na elimu hiyo haina karatasi inayoipima.

Naikumbuka alasiri moja ya mwezi wa Oktoba, joto likiwa limepanda kama lipandavyo kwetu kabla ya mvua za kwanza, tulipoyageuza madawati yakatazamana, tukaweka meza ya mwenyekiti katikati, tukamkabidhi mtoto mmoja saa ya mkononi ili awe mshika wakati. Hoja ya siku hiyo ilikuwa kwamba wakaazi wa Lubumbashi waache kupikia makaa, au makala kama tusemavyo huku Katanga, ili msitu wa miombo unaouzunguka mji usiendelee kukatwa. Msemaji wa kwanza wa upande wa kutetea alikuwa msichana mpole, shati jeupe na sketi ya buluu, ambaye kwa miezi kadhaa sikupata kuisikia sauti yake ila siku za kuitwa majina. Hotuba yake aliikariri nyumbani neno kwa neno, naye aliitoa bila ya kukosea, macho yake yakiwa juu ya dirisha, mpaka mvulana mmoja wa upande wa pili aliponyanyuka, kama kanuni zilivyomruhusu, akamwuliza kwa Kiingereza swali la maneno machache: mama yako anapikia nini?

Darasa lilinyamaza. Swali hilo halikuwamo katika hotuba iliyokaririwa, wala katika kitabu cha masomo, wala katika majawabu yoyote ya kuchaguliwa. Nilimwona msichana akiushusha mkono wake uliokuwa umeshika karatasi, akamtazama aliyeuliza, na kwa Kiingereza kilichochechemea kama mtu aliyechomwa na mwiba akajibu maneno ambayo maana yake ilikuwa hii: mama yangu anapikia makala kwa sababu hana njia nyingine, mimi nimesimama hapa kumwombea hiyo njia. Katika jawabu hilo mlikuwa na makosa mawili ya sarufi, nami niliyaandika katika daftari langu kwa ajili ya kesho yake, kwa kuwa nisingeweza kumkatiza mtu katika saa aliyoanza kusema. Hiyo ndiyo iliyokuwa sentensi yake ya kwanza ya Kiingereza, ingawa alikuwa amekwisha kuandika maelfu. Tangu siku hiyo nimeshika itikadi moja, na yote yatakayofuata katika sura hii ni sherehe yake: lugha ya kigeni huwa mali ya mwanafunzi siku anapolazimika kumjibu kwayo mtu aliyempinga.

Kabla ya kueleza mdahalo unavyoendeshwa, yafaa tuangalie Kiingereza kilivyofika hapa, maana wako wanaodhani kwamba kimeletwa jana na makampuni ya madini. Mwaka 1886 mmisionari Frederick Stanley Arnot aliingia Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mfalme mwenye asili ya Unyamwezi, ambaye misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kumletea Kiswahili kutoka upande wa mashariki. Hivyo Kiingereza na Kiswahili vilionana katika ua wa mfalme mmoja kabla ya Kifaransa kuwa na mamlaka yoyote juu ya nchi. Msiri mwenyewe aliuawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa William Grant Stairs, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akimtumikia mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1906 iliundwa Union Minière du Haut-Katanga, ambayo ndani yake mlikuwa na mtaji wa Waingereza wa Tanganyika Concessions ya Robert Williams, na mwaka 1910 reli iliyotoka kusini iliufikia mji mpya wa Élisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Pamoja na reli walikuja mafundi wa Kiingereza na wa Afrika Kusini, pamoja na vibarua wa Rhodesia ya Kaskazini, wakaja na lugha zao.

Wabelgiji waliiona hatari ya jambo hilo, wasipende koloni yao iseme kwa sauti ya jirani. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyepata kufundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ameeleza katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni kwamba kukipa Kiswahili nafasi ya lugha ya kazi katika Katanga kuliambatana na hofu hiyo ya ushawishi wa Waingereza wa kusini. Ajabu ya mambo ya dunia ni hii: Kiswahili tunachokipenda kilipata sehemu ya nguvu zake mjini mwetu kwa kuwa wakubwa wa zamani walikiogopa Kiingereza, na leo wajukuu wa vibarua wale wanaketi darasani kujifunza lugha ile ile ambayo babu zao walizungushiwa ukuta wasiifikie.

Na haja ya leo ni dhahiri. Mpaka wa Kasumbalesa hauzidi mwendo wa kilomita 100 kutoka mjini, na ng'ambo yake serikali, shule na mahakama husema Kiingereza. Malori yanayobeba shaba na kobalti kuelekea Dar es Salaam na Durban hupita katika nchi ambazo hati zake huandikwa kwa Kiingereza. Nchi yetu imo katika jumuiya ya SADC tangu 1997, na mwaka 2022 ilipokewa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiswahili na Kifaransa vimepewa heshima ya lugha rasmi, lakini Kiingereza ndicho kilichotangulia kuketi mezani. Wala hatukosi mfano wa mwana wa nchi aliyeivuka mito yote hii: V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 Jadotville, mji tuuitao sasa Likasi, alifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, akaandika riwaya na mashairi kwa Kifaransa, kisha alipohamia Marekani akaandika kwa Kiingereza kitabu cha The Invention of Africa, kilichotoka mwaka 1988, ambacho ndani yake aliwakabili wataalamu wa Ulaya juu ya namna walivyoiwaza na kuiandika Afrika. Aliwajibu kwa lugha waliyoisikia. Na katika historia ya mkoa wetu sijui mfano ulio mzuri zaidi wa kile ninachokiita ulimi wa kujibu.

Tuje sasa kwenye taratibu. Midahalo ya shule ina sampuli nyingi duniani, na mbili kati yake zatosha kutajwa. Mashindano ya dunia ya midahalo ya shule, ambayo yalianza mwaka 1988 huko Australia, huweka wasemaji watatu kila upande, kila mmoja akapewa dakika 8, kisha kila upande ukafunga kwa hotuba fupi ya dakika 4. Mpinzani huruhusiwa kunyanyuka na kuuliza katikati ya hotuba, isipokuwa katika dakika ya kwanza na ya mwisho, ambazo msemaji huachiwa peke yake. Mashindano hayo huzitambua kwa tuzo mbalimbali timu za nchi ambazo Kiingereza kwao ni lugha ya kigeni, wasije watoto waliokinyonya na maziwa wakabeba heshima yote. Sampuli ya pili ina jina la mwanafalsafa Karl Popper, nayo ilianza kuenezwa mwaka 1994 katika nchi za Ulaya Mashariki, zilizokuwa zimetoka katika tawala zisizopenda kuulizwa. Sifa yake kubwa ni kwamba baada ya hotuba, msemaji husimama akahojiwa kwa dakika 3 na mtu wa upande wa pili, hana pa kujificha. Jirani zetu wa Rwanda, waliobadili lugha ya masomo yao kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kuanzia mwaka 2008, wameujenga mdahalo wa shule kwa bidii kupitia chama cha iDebate Rwanda, na mwalimu wa Katanga hahitaji kusafiri mbali ili ajue kwamba jambo hili lawezekana kwa watoto waliokulia katika Kifaransa.

Lakini asije mwalimu akadhani ni lazima avae joho la wengine. Dakika 8 ni bahari kwa mtoto ambaye hajapata kusema dakika moja. Katika darasa la mwanzo mimi huanza na dakika 2, nikapanda hadi 3 baada ya miezi miwili. Huweka wasemaji watatu kila upande, mshika wakati, mwenyekiti, na waamuzi watatu ambao pia ni wanafunzi. Na waliosalia wote huwa hadhira yenye kazi, maana kila mmoja hutakiwa kuandika hoja moja aliyoisikia kila upande na swali moja ambalo angeliuliza. Nani atetee na nani apinge huamuliwa kwa kura, kwa kurusha sarafu au kuokota kijiti, na juu ya kanuni hiyo nitarudi, kwa sababu ndani yake mna siri kubwa kuliko ya lugha.

Kila kiti katika mpangilio huo kina malezi yake. Msemaji wa kwanza hujifunza kupanga: kuifafanua hoja, kutaja sababu zake kwa hesabu, na kuzieleza moja baada ya moja kama mtu anayepanga matofali, akijua kwamba asiyefahamika hawezi kukubalika. Wa pili hujifunza kuvunja bila ya kutukana, nayo ni kazi ngumu zaidi, maana hawezi kuiandaa nyumbani. Hana budi kuketi, kutega sikio, kunakili kwa ufupi yale aliyoyasema mwenzake, na katika muda usiozidi muda wa kunywa maji akatunga neno la kuyapinga. Hapo ndipo kusikiliza, ambako katika vitabu vyetu vya lugha ndiko kunakosahauliwa kuliko stadi zote, hugeuka kuwa silaha. Na nimeona watoto waliosinzia mbele ya sauti ya mwalimu wakikaza masikio yao mbele ya sauti ya mpinzani kama wawindaji wanaosikia majani yakivunjika. Wa mwisho hujifunza kupima: yote yaliyosemwa ameyasikia, naye sasa huwaonyesha waamuzi ni jambo lipi ndilo lililokuwa kiini cha ugomvi na ni nani aliyelipata.

Katika matayarisho siwakatazi Kiswahili, na hapa natofautiana na walimu wenzangu wanaoweka faini kwa kila neno lisilo la Kiingereza. Mtu hawezi kushindana kwa fikra alizozikodi. Siku mbili kabla ya mdahalo kila upande hukaa chini ya mti au katika kona ya darasa, wakazua, wakabishana na wakapatana kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa, mpaka hoja ikasimama kwa miguu yake. Ndipo huulizana: hili tutalisemaje kwa Kiingereza? Swali hilo huwapeleka kwenye kamusi kwa njaa ya kweli. Neno lililotafutwa kwa haja halisahauliki, kama njia uliyoipita kwa miguu isivyosahaulika, ilhali ile uliyoipita umelala ndani ya gari huikumbuki hata kidogo.

Hoja zenyewe zichaguliwe karibu na mlango wa nyumba. Nimeona madarasa yakijadili mambo ya sayari za mbali, watoto wakasoma karatasi na kukaa. Lakini uwape hoja kwamba madini yasitoke nchini kabla ya kusafishwa, na utaona mwalimu wa Kiingereza akigeuka kuwa mwalimu wa hesabu, wa historia na wa sheria kwa alasiri moja. Watajua kwamba zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani yatoka katika ardhi yetu; watajua kwamba sheria ya madini ya 2002 ilirekebishwa mwaka 2018, na kwamba mrabaha wa kobalti, uliokuwa asilimia 2, ulifikishwa asilimia 10; watajua kwamba Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti ili bei yake isizidi kuporomoka. Kila takwimu ya namna hii ina pande mbili, na mtoto aliyeokota kijiti cha kupinga ataitafuta ile ya pili: je, mfanyakazi ambaye mgodi wake umesimama atakula nini? Hivyo burhani huacha kuwa neno la vitabuni, ikawa kitu cha kutafutwa, kupimwa na kushikwa mkononi.

Nataka kusema kidogo juu ya matamshi, maana humo nimepata furaha ambayo sikuitarajia. Kiswahili cha mji wetu kimeziacha sauti kadhaa njiani kilipokuwa kikija kutoka pwani: dhahabu kwetu ni zahabu, dhambi ni zambi, hapana ni apana, na habari aghalabu ni abari. Kifaransa nacho hakina sauti hizo, basi mtoto wetu akikutana na maneno ya Kiingereza yenye sauti kama zile, hukwama mara mbili. Mimi humrudisha pwani. Humwambia aseme thamani, thelathini na thawabu kama asemavyo mzee wa Mombasa au wa Unguja, ulimi ukigusa ncha za meno. Kisha dhahabu, dhamana na dhoruba. Kisha haki, heshima na hekima, pumzi ikitoka wazi. Akizipata hizo, amezipata na za Kiingereza, tena amezipata ndani ya lugha yake mwenyewe kama mtu anayechimbua ua akakuta chungu alichokizika babu yake. Sijui zawadi kubwa kuliko hii ambayo lugha ya kigeni yaweza kumpa mtu, yaani kumwonyesha utajiri wa lugha aliyo nayo.

Maneno ya Kifaransa yanayofanana na ya Kiingereza ni hatari ya aina nyingine. Mwanafunzi husema "actually" akidhani amesema "actuellement", yaani siku hizi, kumbe amesema kwa hakika. Husema "assist" akikusudia kuhudhuria, kumbe ametaja kusaidia. Na kwa kuwa mpinzani wake amelelewa katika Kifaransa hicho hicho, humfahamu vizuri kabisa, wakajibizana saa nzima kwa Kiingereza ambacho Mwingereza asingekitambua, wala Mzambia. Huu ni udhaifu wa kweli wa midahalo ya ndani ya shule moja, na dawa yake ni mbili. Kwanza, mwalimu ayaandike makosa hayo mdahalo ukiendelea, akayasoma ukiisha bila ya kumtaja aliyeyafanya, kwani kosa si kosa, kosa kulirudia kosa. Pili, shule zetu zitafute wapinzani ng'ambo ya mpaka, katika Ndola, Kitwe na Chingola, ambako watoto wa rika lao husoma kwa Kiingereza, na ambako Kibemba cha bibi zao kitawakaribisha hata pale Kiingereza kitakapowashinda.

Wako wanaoupinga mdahalo huu, na si haki kuusifu bila ya kuwasikiliza. Wa kwanza husema kwamba huwanufaisha wale waliokwisha kuijua lugha, na kuwaaibisha wengine. Maneno hayo ni ya kweli mahali ambapo mwalimu huwachagua wasemaji hodari watatu, akawapeleka katika mashindano, na kuwaacha 50 waliobaki wakipiga makofi. Yakawa si kweli mahali ambapo zamu huzunguka, na kila mtoto akajua kwamba juma lake laja. Wa pili husema kwamba tunakuza lugha ya wageni juu ya lugha zetu. Kwa huyu nina jawabu la historia. Kujadiliana hatukufundishwa na Waingereza. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walijibizana kwa tungo katika karne ya kumi na tisa, siku ambazo miji yao ilikuwa na uhasama, wakapimana kwa beti kama wengine walivyopimana kwa panga. Na huku kwetu mabaraza ya wazee, wanaoketi kukata maneno, yamesikiliza upande huu na upande ule tangu kabla ya shule ya kwanza kujengwa. Julius Nyerere, aliyeitafsiri tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963, alituonyesha kwamba hotuba mbili zinazoshindana mbele ya umati mmoja zaweza kuhama kutoka ulimi wa London kuingia ulimi wa Tabora pasipo kupungukiwa na nguvu. Kwa hiyo darasa likishajifunza kujadiliana kwa Kiingereza, lijadiliane na kwa Kiswahili na kwa Kifaransa; ufundi ni mmoja.

Wa tatu husema kwamba tunawafundisha watoto ubishi, na kwamba mtoto anayezoea kutetea asichokiamini atakuwa mnafiki. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na kulijibu sharti nirudi kwenye kile kijiti cha kura nilichokitaja. Wazee wa mji huu wanaikumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati majirani waliokuwa wamekaa pamoja migodini na mitaani kwa vizazi viwili na vitatu walipotenganishwa, na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga, wakakaa miezi katika vituo vya reli pamoja na watoto wao wakingoja treni. Kabla ya mikono kunyanyuka, yalitangulia maneno. Watu waliitwa bilulu, yaani wadudu, katika mikutano ambayo msemaji alikuwa mmoja, umati ulikuwa mmoja, na hapakuwa na kiti kilichowekwa kwa ajili ya mtu wa kujibu. Naitafakari picha hiyo kila ninapoyageuza madawati yatazamane. Mdahalo ni mkutano ambao kiti cha mpinzani kimewekwa kabla ya msemaji kuingia. Mtoto aliyeokota kijiti cha upande asioupenda, akalazimika kutafuta kwa uaminifu sababu zinazomfanya mtu mwenye akili timamu aushike upande huo, hatajifunza unafiki. Atajifunza insafu, na atakapokuwa mtu mzima hatakuwa mwepesi kuamini kwamba wanaotofautiana naye ni wadudu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wamesema wahenga, na mshindani wa kweli humhitaji mwenziwe awe hai, awe na sauti, na awe na haki ya kusimama.

Yanayotakiwa ili jambo hili lianze ni machache. Mwalimu ahitaji idhini ya prefe, yaani mkuu wa shule, kutumia darasa moja kwa saa moja ya Jumatano au Jumamosi, saa ya mkononi, kijiti cha kura, na moyo wa kustahimili Kiingereza kibovu kwa miezi mitatu ya mwanzo. Ahitaji pia unyenyekevu wa kunyamaza, ambao kwa mwalimu ni sadaka kubwa.

Yule msichana wa makala alirudi juma la pili katika kiti cha hadhira, maana zamu yake ilikuwa imepita, lakini aliomba ruhusa ya kuongeza neno juu ya hoja ya zamani. Alikuwa amemwuliza mama yake, kwa Kiswahili, wakiwa wameketi usiku kando ya mbabula, yaani jiko la makala, gunia moja la makala huwatosha siku ngapi, na bei yake ilikuwa kiasi gani yeye alipokuwa mtoto mchanga, na mama alijibu, kisha akamwuliza kwa nini anataka kujua. Akasimama katikati ya darasa, akazitaja siku hizo na bei hizo kwa Kiingereza, polepole, akihesabu kwa vidole. Na yule mvulana aliyemwuliza swali juma lililopita aliinama juu ya daftari lake, akaandika kila alichokisikia.